Cheti cha Mtandao na Mkono wa Fundi

Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Waombaji walizidi laki moja. Miaka kumi na moja kabla ya hapo, mwezi Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijaa kwenye viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakisubiri kusailiwa kwa ajili ya nafasi 70 tu za Idara ya Uhamiaji. Wengi katika makundi hayo mawili walikuwa na shahada au stashahada mkononi. Wazazi wao waliuza ng'ombe, korosho na mahindi ili vyeti hivyo vipatikane, na walipa kodi wote walichangia kupitia mikopo ya elimu ya juu.

Katika kipindi hicho hicho jawabu moja limekuwa likitolewa kwa sauti inayozidi kupanda. Inasemwa kwamba vijana wasome sayansi na teknolojia, kwa kuwa huko ndiko kuna ajira. Na kwa kuwa maabara, kumbi na wahadhiri havitoshi, basi wasome kwa njia ya mtandao. Jawabu hilo lina ukweli mwingi ndani yake. Lina pia hatari moja kubwa, ambayo watumishi wa umma na walimu, watu ambao ndio watakaolitekeleza, hawana budi kuitambua kabla haijageuka kuwa desturi.

SI JAMBO GENI

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba kumfundisha mtu aliye mbali na darasa si uvumbuzi wa kizazi hiki. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa njia ya redio. Mafanikio yake hayakutokana na redio peke yake. Wananchi walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu cha kusomwa. Waliisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka nje kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Somo lililoanza hewani lilimalizikia kwenye jembe.

Mwaka uliofuata, mwezi Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane ifikapo 1977. Taifa likakabiliwa na upungufu wa walimu ambao vyuo vya ualimu visingeweza kuuziba kwa wakati. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba waliteuliwa, wakafundishwa kwa posta na redio huku wakisomesha watoto katika shule za vijijini, na mwishoni wakakusanywa vyuoni kwa majuma machache. Zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa mpango huo.

Walimu hao walikuja kulaumiwa sana kwa uhaba wa maarifa ya masomo yenyewe, na lawama hiyo haikuwa ya uonevu mtupu. Lakini historia yao inafundisha mambo mawili kwa mpigo. Walijua kusimama mbele ya watoto kwa sababu darasa lilikuwa mbele yao kila siku tangu mwanzo wa mafunzo. Hawakuyamudu masomo kwa kina kwa sababu mara nyingi hapakuwa na mtu karibu mwenye maarifa zaidi wa kuwasahihisha. Elimu ya masafa, kwa hiyo, ilistawi pale ilipoungana na kazi, na ilidhoofika pale mwanafunzi alipoachwa peke yake.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kilijengwa juu ya msingi huo huo wa kumfuata mwanafunzi alipo. Walimu, wauguzi, askari na makarani ambao wasingeweza kuacha kazi na familia wamepata shahada kupitia chuo hicho. Kisha ukaja mwezi Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Vipindi vya masomo vikarushwa kwa televisheni na redio, na baadhi ya wahadhiri wakalazimika kujifunza katika majuma machache mambo ambayo walikuwa wakiyaahirisha kwa miaka mingi. Vyuo vikuu vilipofunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo, hakuna aliyeweza tena kusema kwamba mtandao ni anasa ya mataifa tajiri.

MTANDAO UNAWEZA MENGI

Ni haki kuusifu mtandao pale unapostahili sifa. Mpaka mwaka 2009 mawasiliano ya intaneti nchini yalitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa mzigo hata kwa vyuo vikuu. Mwezi Julai mwaka huo kebo ya kwanza ya kupita chini ya bahari ilianza kufanya kazi Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaifikisha nyuzi hiyo mikoani. Leo mwalimu wa fizikia aliyeko Kasulu au Tandahimba anaweza kufungua mihadhara ambayo chuo cha MIT cha Marekani kilianza kuitoa bure kwa ulimwengu mzima miaka ishirini na zaidi iliyopita. Akishindwa kuelewa mara ya kwanza, anarudia. Mwalimu wa video hakasiriki kwa kuulizwa jambo moja mara tano.

Kwa masomo ya hisabati, takwimu na nadharia za sayansi, njia hii haina upungufu wowote wa msingi. Mwanafunzi anahitaji maelezo safi, mazoezi mengi na mtu wa kumsahihisha. Hayo yote yanaweza kusafiri kwenye waya.

Kwa taaluma ya kompyuta, mtandao unafanya zaidi ya hapo. Anayejifunza kuandika programu hana haja ya karakana nyingine, maana kompyuta yake ndiyo karakana, na anachokitengeneza mazoezini ndicho kile kile atakachokitengeneza kazini. Ndiyo maana chuo cha Georgia Tech cha Marekani, kilipoanzisha mwaka 2014 shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta kwa njia ya mtandao kwa ada ndogo kuliko ile ya darasani, kiliweza kuwapata maelfu ya wanafunzi, wengi wao wakiwa watu walio kazini tayari. Kijana wa Mwanza au Mbeya mwenye kompyuta, umeme na nidhamu anaweza kufuata njia hiyo na kuuza kazi yake ndani ya nchi na nje.

Liko pia jambo la haki. Mtandao unamfikia mama mwenye mtoto mchanga ambaye chuo cha bweni kingemfungia mlango. Unamfikia mwalimu wa shule ya kata ambaye akiondoka kwenda masomoni, kidato kizima kinabaki bila somo la kemia. Kuwanyima watu hao nafasi kwa sababu tu ya mazoea ya zamani kungekuwa dhuluma.

MAHALI MKONO UNAPOHITAJIKA

Hata hivyo, sayansi nyingi si kompyuta. Fundi sanifu wa umeme hutambulika siku anapofungua sanduku la fyuzi lililoungua na kuona kosa liko wapi. Mkemia hutambulika anapodondosha kioevu kutoka kwenye bureti na kujua, kwa tone moja, kwamba rangi imegeuka na mkono sharti usimame. Mganga wa mifugo, mpima ardhi, mtaalamu wa maabara ya hospitali na mhandisi wa barabara wote wana sehemu ya elimu inayokaa kwenye vidole, masikio na pua. Sehemu hiyo haimo kwenye picha, hata picha iwe na rangi nzuri kiasi gani. Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Taifa hili limekwisha kuonja nta hiyo. Kwa miaka mingi, kwa sababu ya uhaba wa maabara, palikuwa na mtihani mbadala wa sayansi katika shule za sekondari. Mtahiniwa aliandika habari za jaribio bila kulifanya. Alijua kwa ufasaha kwamba karatasi ya litmasi hugeuka nyekundu katika asidi, na huenda hakuwahi kuishika karatasi yenyewe. Vijana waliopita njia hiyo waliendelea vyuoni, na baadhi yao wakarudi madarasani kuwafundisha wengine namna ya kueleza jaribio ambalo wao wenyewe hawakulifanya. Hivyo upungufu ukarithishwa.

Ni kwa kulitambua hilo kwamba Serikali iliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichanga fedha, wakabeba mawe na mchanga, na kuta zikainuka nchi nzima. Lakini katika shule nyingi vifaa, kemikali na mafundi wa maabara havikufuata kwa kasi ile ile ya matofali. Mtu anayesema leo kwamba video ya jaribio inatosha kuchukua nafasi ya jaribio anawaambia wananchi hao kwamba mawe yao yalibebwa bure. Anaurudisha mtihani mbadala kwa mlango wa nyuma, ukiwa umevaa nguo mpya.

Wala hoja hii si ya kuipinga elimu ya masafa. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kufundisha mwaka 1971, kikitumia posta, redio na televisheni, kilikutana na swali hilo hilo. Jawabu lake lilikuwa la vitendo. Wanafunzi wa sayansi walitumiwa nyumbani makasha ya vifaa vya majaribio, yakiwa na hata hadubini ndogo, na wakati wa kiangazi waliitwa katika vyuo vingine ili wafanye kazi ya maabara chini ya macho ya wakufunzi. Chuo hicho hakikudai kwamba televisheni inafundisha mkono. Kilitafuta njia ya kuufikia mkono huko uliko.

Liko na tatizo la pili, ambalo ni la upweke. Takwimu za kozi za wazi za vyuo vya Harvard na MIT, zilizochapishwa mwaka 2019, zilionyesha kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017 na 2018 waliomaliza kozi hizo walikuwa kama watu watatu katika kila mia waliojiandikisha. Hao walikuwa na wahadhiri maarufu wa kuwasikiliza, na wengi wao walikuwa na umeme usiokatika. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mwanafunzi, siku ya Jumatatu, kwa nini hakuonekana juma lililopita. Mtanzania anayesomea kwenye simu ndogo, akihesabu bando linavyokwisha kabla ya mhadhara kwisha, ana sababu nyingi zaidi za kukata tamaa. Umeme umefikishwa karibu katika kila kijiji, na hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini umeme kufika kijijini si sawa na umeme kuingia katika chumba cha mwanafunzi, wala si sawa na kuwa na kompyuta juu ya meza. Mtandao ukiachwa ujiendee wenyewe, mtoto wa mjini ataupanda kama ngazi na mtoto wa kijijini ataukuta kama ukuta.

DENI LA WAAJIRI

Lawama ya wahitimu kutoajirika mara nyingi hutupwa vyuoni, na vyuo vina sehemu yake ya kosa. Lakini waajiri nao, Serikali ikiwa mwajiri mkubwa kuliko wote, wana deni lao. Tangazo la kazi linalomtaka kijana aliyemaliza chuo jana awe na uzoefu wa miaka mitatu linadai mavuno mahali ambapo hakuna aliyekubali kutoa shamba.

Zamani shamba hilo lilikuwapo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1973, kiliyafanya mafunzo kwa vitendo viwandani kuwa sehemu ya masomo ya shahada. Azimio la Musoma nalo lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Sharti hilo lilikuja kulegezwa, na lilikuwa na kasoro zake, hasa kwa masomo ya sayansi ambayo husahaulika upesi yakiachwa. Baadaye viwanda vingi vya umma vikafungwa au kubinafsishwa, na nafasi za kujifunzia zikapungua wakati idadi ya wanafunzi ikiongezeka. Leo mwanafunzi anayekwenda mafunzoni kwa majuma manane huweza kuyamaliza akiwa mtu wa kupeleka mafaili na kununua maandazi ya ofisi, kisha fomu yake ikapigwa muhuri kwamba amefunzwa.

Muhuri wa namna hiyo ni uongo wa ofisi. Mtumishi anayeugonga huenda anaona anamhurumia kijana. Kwa kweli anamwibia, maana siku ya usaili kijana huyo ataulizwa juu ya mashine ambayo hakupewa nafasi hata ya kuigusa.

Kuhusu vyeti vya mtandao, ofisi nyingi zina tabia mbili zinazopingana. Ziko zinazokitupa cheti kikapuni kwa kuwa kilipatikana kwa njia ya masafa, bila kumpima mwenyewe. Ziko pia zinazopokea karatasi yoyote iliyo na nembo ya kigeni, mradi ina maandishi ya dhahabu. Tabia zote mbili zina mzizi mmoja, nao ni kuiabudu karatasi. Mwalimu Nyerere aliikemea ibada hiyo katika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alipoonya dhidi ya elimu inayomtenga msomi na kazi za jamii yake na kuupima uwezo wa mtu kwa mitihani ya kuandika tu. Zaidi ya nusu karne imepita. Karatasi imehamia kwenye kioo cha simu, lakini ibada ni ile ile.

Ni lazima pia ukweli mmoja usemwe bila kuficha. Hata kama kila mhitimu angekuwa fundi hodari, nafasi 1,596 haziwezi kuwachukua watu laki moja. Elimu haizai kiwanda peke yake. Uchumi usiosindika pamba, ngozi, korosho na madini yake mwenyewe utaendelea kuwaweka wataalamu wake vijiweni. Lakini hapo hapo ndipo ufundi wa kweli unapozidi kuwa na thamani, kwa sababu mtu mwenye mkono uliofunzwa anaweza kuanzisha karakana, na mtu mwenye karatasi tupu hawezi kuanzisha lolote ila barua nyingine ya maombi.

YANAYOPASA KUTENDWA

Mambo yanayotakiwa hayahitaji miujiza, na mengi yake yanaweza kufanywa kwa rasilimali zilizopo.

Kwanza, kila kozi ya sayansi na teknolojia inayofundishwa kwa mtandao itangaze waziwazi ni saa ngapi za maabara au karakana zinazotakiwa, zitafanyika wapi, na nani atazishuhudia. Tume ya Vyuo Vikuu isiikubali kozi ambayo haina jawabu kwa maswali hayo matatu. Mwanafunzi asipewe shahada mpaka saa hizo ziwe zimetimia kwa kweli.

Pili, maabara za nchi zifunguliwe. Shule za sekondari hufungwa kwa likizo kila mwaka, na katika likizo hizo maabara zilizopo hufungwa kwa kufuli. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA, ambavyo Serikali imekuwa ikivijenga hadi ngazi ya wilaya, vina mashine ambazo jioni hulala. Mwanafunzi wa masafa aliyeko wilayani hapo angeweza kuzitumia kwa ratiba, chini ya mkufunzi anayelipwa posho halali. Kinachozuia mara nyingi ni kwamba maabara ni ya wizara moja, mwanafunzi ni wa chuo cha wizara nyingine, na ufunguo uko kwa mtu ambaye hakuandikiwa barua. Urasimu wa ufunguo hauna haki ya kuzuia ufundi wa taifa.

Tatu, virudishwe vikundi vya kujifunzia. Kile kilichofanya Mtu ni Afya ifaulu kinafaa hata leo. Wanafunzi kumi wa tarafa moja wakikutana mara moja kwa juma katika kituo cha walimu au maktaba, wakiwa na kompyuta mbili na mwalimu mmoja wa hisabati wa kuwaongoza, watapunguza gharama za bando na wataondoa upweke unaowaangusha wengi. Hapo walimu wa sekondari wana wajibu wa pekee. Wao ndio watakaoweza kuifafanua kwa Kiswahili dhana ambayo mhadhiri wa ng'ambo ameieleza kwa Kiingereza cha haraka, na mara nyingi ufafanuzi huo mfupi ndio unaotofautisha kuelewa na kukariri.

Nne, mashirika ya umma, halmashauri na makampuni yanayopata zabuni za Serikali yapokee wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo na uanagenzi, na msimamizi wa kila mwanafunzi aandike kwa mkono wake ni kazi gani kijana aliifanya. Mkandarasi anayejenga barabara kwa fedha za umma anaweza kabisa kumfundisha mpima ardhi kijana. Hilo liwekwe katika mikataba.

Tano, usaili wa kazi za kisayansi uwe wa kutenda. Anayeomba ufundi wa maabara awekwe mbele ya hadubini. Anayeomba kazi ya programu apewe tatizo na saa tatu. Kwa njia hiyo mhitimu wa mtandao aliyejifunza kweli hatadharauliwa, na mhitimu wa ukumbini aliyelala usingizi hatapendelewa.

Watumishi wa umma na walimu wasingoje waraka ili waanze. Mkuu wa shule mwenye ufunguo wa maabara, ofisa mwenye muhuri wa mafunzo, na mjumbe wa bodi ya usaili mwenye orodha ya maswali, kila mmoja ameshika kipande cha jambo hili. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Lakini mpini lazima kwanza uwekwe mikononi mwake.

Kijiji ambacho pampu yake ya maji imeharibika hakitamuuliza fundi kama alisomea ukumbini au kwenye simu. Kina mama waliopanga ndoo tangu alfajiri watamtazama mikono, na watasubiri kuona kama maji yatatoka.